Sababu za Kuomba

Fomu ya chuo imeacha mstari mmoja tu,
mfupi kuliko jina la baba yangu.
Sababu za kuomba.
Niliandika: Kujiendeleza.
Karani akagonga muhuri, hakuinua uso.

Mama nilimwambia ni mshahara.
Hilo alilielewa. Akauliza dola moja sasa shilingi ngapi,
akazidisha kwa vidole, akanyamaza,
kisha: "Na huko ukifa, unazikwa wapi?"

Tunsume hakuuliza.
Alinipimia suruali nyeupe pale mlangoni,
pini mdomoni, goti sakafuni,
akasema kiuno atakiachia nafasi,
watu wa melini hunenepa.
Usiku nikamsikia akihesabu miezi,
tisa huko, mitatu hapa,
kama mtu anayekagua chenji.

Miaka kumi na mitatu nimefundisha hesabu Kurasini.
Dirisha la Kidato cha Tatu B halina kioo;
honi ya meli ikilia katikati ya kipindi
chaki husimama yenyewe.
"Mwalimu, hizi pembetatu zitatusaidia nini?"
Nilijibu: zitakuja kwenye mtihani.
Wakacheka. Nikaandika swali la pili.
Lakini jibu lile lilinikaa kooni kama mwiba wa changu,
likavuka nami Barabara ya Kilwa,
likala nami ugali.

Kwenye ubao wangu mnara ulikuwa mita arobaini, daima,
na mtu amesimama mbali nao, daima,
anautazama kwa pembe ya nyuzi thelathini.
Miaka kumi na mitatu amesimama.
Hajaambiwa atembee.

Sasa nakaa dawati la nyuma.
Kushoto kwangu Nambua, alikuwa muuguzi,
zamu za usiku anazijua kuliko sisi sote.
Ukimuuliza kilichomleta, anasema
alichoka kufumba macho ya watu.
Halafu anaazima rula.

Na mbele yangu, Mungu si Athumani, Mwinshehe Pazi,
niliyempa kumi na tisa kwa mia
nikaandika kwa wino mwekundu: Jitahidi.
Amekula bahari miaka sita akikwangua kutu,
amerudi kutafuta cheti cha uafisa.
Aliinama juu ya ramani yangu.
"Shikamoo, Mwalimu. Umesahau kosa la dira."
Akachukua ufutio, akaufuta mstari wangu wote, taratibu.
"Hapa ungepanda mwamba."
Hakucheka. Afadhali angecheka.
Pembezoni, kwa penseli hafifu, akaandika neno moja.
Mnalijua.

Kapteni Msabaha hufundisha akiwa amesimama upande,
kama sakafu itainama wakati wowote.
"Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi
meli ni yako. Nahodha amelala.
Ukimwamsha bure, aibu.
Usipomwamsha, mahakama."
Darasa zima likaguna.
Mimi nilihisi kitu kikinyooka mgongoni.
Nimeishi miaka thelathini na saba
mahali ambapo nikikosea
hakuna kinachozama.

Jumanne tulipanda juu ya paa na dira.
Tukapima mnara wa kanisa,
tukapima kreni ya bandarini,
tukapima mlingoti wa simu ng'ambo ya Kigamboni,
jua likitupiga utosini, karatasi ikipeperuka.
Ilitakiwa mistari mitatu ikutane.
Yangu haikukutana.
Iliacha katikati kipembetatu kidogo,
kama punje ya mchele.

Nikadhani nimekosea. Nikaanza kufuta.
Kapteni akanishika mkono.
"Acha. Haikutani kamwe, ya mtu yeyote.
Wewe umo humo ndani. Wapi hasa, hujui,
na meli inakwenda hivyo hivyo."

Nilikitazama muda mrefu.
Mstari wa mshahara, huo upo, sikatai.
Mstari wa lile swali la Kidato cha Tatu B.
Na wa tatu sikumbuki niliuchora lini;
labda niliukuta.

"Mwalimu," akanong'ona Mwinshehe,
"noa penseli."